Mchezo Ni Shule ya Kusikia

Mama amwita mtoto wake mara ya kwanza, haitiki. Amwita mara ya pili na ya tatu, bado mtoto yu katika shughuli zake kana kwamba jina lile si lake. Mara ya nne mama ainama kuokota fimbo. Hata hajaiinua, mtoto amekwisha simama mbele yake, tayari kutumwa. Jirani waketio barazani hutikisa vichwa na kusema: "Mkaidi yule, bila kiboko haendi." Sisi twapenda kuuliza swali jingine. Je, mtoto huyo amejifunza kusikia nini: neno la mama yake, au fimbo?

Wapenzi wasomaji, swali hilo si dogo. Siku itakuja, wala haiko mbali, ambapo mtoto huyo atakuwa kijana wa miaka 16, yuko bwenini au mjini kwa mjomba wake, ana simu mkononi na marafiki ubavuni. Mama hayupo, na fimbo haipo. Hapo ataisikia sauti ya nani? Wazazi wengi hutuambia baada ya Misa, kwa huzuni kubwa: "Padre, nyumbani alikuwa mtii kabisa, hatujui kilichompata." Twaogopa kwamba mara nyingine hakuna jipya lililompata. Alikuwa akitawaliwa, hakuwa akijitawala. Na yule aliyemtawala alipobaki nyuma, utii nao ulibaki nyuma.

Juma hili basi twataka kusema juu ya njia moja ya kumfundisha mtoto kusikia na kuitawala nafsi yake. Njia hiyo haina gharama, wazee wetu waliitumia, na watakatifu wameisifu; walakini sisi wa leo twaidharau. Njia hiyo ni mchezo.

KIASI HAKIFUNDISHWI KWA MANENO MATUPU

Katika mafundisho ya dini twafundishwa fadhila nne zilizo kama bawaba za mlango wa maisha mema: busara, haki, nguvu na kiasi. Kiasi ndicho kimwezeshacho mtu kuzuia mkono usichukue kisicho chake, ulimi usitukane, na mguu usikimbilie pasipofaa. Mtu asiye na kiasi aweza kuijua Katekisimu yote kwa moyo, na bado akaanguka kila siku, kwa sababu ajua lililo jema lakini hana nguvu ya kujishika.

Na fadhila ni nini? Ni mazoea mema, yaani uwezo utokanao na tendo jema lililorudiwa mara nyingi. Msichana hajifunzi kubeba ndoo kichwani kwa kuelezwa. Huanza na kopo dogo. Maji yakamwagika, akacheka, akateka tena. Kesho kopo halimwagiki, na baada ya miaka michache apanda kilima na ndoo tele huku akizungumza. Kiasi nacho hupatikana vivyo hivyo. Lazima mtoto ajizuie mara elfu katika mambo madogo, ili aweze kujizuia mara moja katika jambo kubwa.

Basi, ni wapi mtoto wa miaka 5 awezapo kujizuia mara elfu, tena kwa hiari yake, bila kuchoka wala kuchukia? Si darasani, wala si chini ya fimbo. Ni uwanjani, pamoja na wenzake.

TUTAZAME MCHEZO MMOJA

Chukueni mchezo wa nyama, uchezwao na watoto katika sehemu nyingi za nchi yetu. Watoto husimama duara, na kiongozi mmoja. Kiongozi hutaja nyama ya mnyama mmoja baada ya mwingine, upesi upesi. Akitaja mnyama aliwaye, kama ng'ombe, mbuzi au kuku, wote huruka na kuitikia. Akitaja asiyeliwa, kama paka au fisi, yapasa wote wanyamaze, miguu chini. Mwenye kuruka hapo ametoka, na wenzake hucheka.

Mtu mzima apitaye njiani huona kelele tu. Lakini tuangalie kazi ifanyikayo ndani ya kichwa cha mtoto. Kwanza, yampasa asikilize neno hata mwisho. Akiruka kabla jina halijatajwa, amekwisha. Pili, yampasa aikumbuke sheria ya mchezo muda wote. Tatu, na hili ndilo kubwa, yampasa auzuie mwili wake wakati miguu imekwisha zoea kuruka. Mambo hayo matatu, yaani kusikiliza, kukumbuka amri, na kujizuia, ndiyo yale yale tuyatakayo kwake tumwambiapo, "Usiguse chungu, kina moto," au, "Ngoja mgeni amalize kusema."

Mwaka 1933 mwanachuoni wa Urusi ya Kisovieti, Lev Vygotsky, alitoa hotuba juu ya mchezo wa watoto katika mji wa Leningrad. Alieleza jambo ambalo kila mzazi aweza kuliona. Mtoto asimamapo kwenye mstari wa kuanzia mbio, mwili wake wote wataka kukimbia sasa hivi. Hata hivyo angoja ishara. Hakuna aliyemfunga. Angoja kwa kuwa bila sheria hakuna mchezo, na furaha ya kucheza kwa haki yamshinda nguvu yule mnyama mdogo aliye ndani yake. Mwaka 1948 mtafiti wa nchi hiyo hiyo, Z. V. Manuilenko, alichapisha habari za majaribio yake. Aliwataka watoto wadogo wasimame bila kujitikisa. Walipoambiwa tu kusimama, hawakudumu. Lakini walipokuwa katika mchezo, na mtoto amepewa kazi ya mlinzi wa lindo mbele ya wenzake, walisimama muda mrefu zaidi sana. Mtoto ni yule yule, na miguu ni ile ile. Tofauti ni kwamba mara ya pili amri ilikuwa yake mwenyewe.

WATAALAMU WAMEONA NINI

Labda msomaji atauliza: je, kujitawala kwa utotoni kwadumu hata ukubwani? Katika mji wa Dunedin, nchi ya New Zealand, watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa na wataalamu tangu wakiwa wadogo. Mwaka 2011 taarifa yao ilitolewa. Wale waliojua kujizuia walipokuwa watoto, walipofika miaka 32 walikuwa na afya bora, hawakusumbuliwa sana na madeni, na wachache wao tu walikuwa wamehukumiwa kwa makosa ya jinai. Tofauti hiyo ilibaki hata walipolinganishwa watoto wa nyumba zenye hali moja na wenye akili sawa.

Na je, kwa mchezo mtoto aweza kweli kuongeza uwezo huo? Mwaka 1911 hatukuwa na majibu ya namna hii, bali mwaka 2011 wataalamu wawili wa Oregon, Marekani, Shauna Tominey na Megan McClelland, walieleza jaribio lao kwa watoto 65 wa shule ya awali. Baadhi yao walichezeshwa mara 2 kwa juma, kwa muda wa majuma 8, michezo ya kuanza na kusimama: karatasi ya rangi hii ikiinuliwa, endeni, ya rangi ile, simameni, kisha sheria ikageuzwa kinyume. Tuseme kweli bila kutia chumvi: kwa watoto wote kwa jumla faida haikuwa kubwa. Walakini wale walioanza wakiwa dhaifu kabisa katika kujitawala ndio waliopata nafuu. Yaani dawa ilimfaa mgonjwa, na hilo latutosha kutupa moyo.

Wapo watakaosema: hayo ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walitoa habari za watoto wa miaka 4, wengine wa Ujerumani, wengine wa kabila la Nso huko Kameruni. Kila mtoto aliwekewa kitu kitamu mezani, akaambiwa: ukingoja bila kukila, utapewa cha pili. Watoto wa Kijerumani walioweza kungoja zile dakika 10 walikuwa kama 28 katika 100. Watoto wa Nso, waliowekewa andazi la kwao liitwalo puff-puff, walikuwa karibu 70 katika 100. Kwa hiyo kujizuia si kitu cha kuletewa Afrika katika sanduku. Ni mali yetu ya zamani, nayo hukua katika nyumba ambamo neno la mkubwa lina uzito, na mtoto atazamiwa kuwa mtulivu na mwenye heshima. Twapasika tu kujihadhari tusiipoteze.

NENO LA MKUBWA LAZIMA LIWE KWELI

Lakini uzito huo wa neno watoka wapi? Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lilifanywa jaribio lililochapishwa mwaka 2013. Watoto 28 waliketishwa kuchora picha. Mtu mzima aliwaahidi rangi nzuri zaidi, akatoka kwenda kuzileta. Kwa nusu yao alirudi nazo. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akaomba radhi. Kisha wote wakawekewa peremende, wakaambiwa wangoje ili wapate ya pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani kama dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja kama dakika 3 tu.

Wazazi wapendwa, habari hii yatuchoma sisi wakubwa. Mara ngapi tumemwambia mtoto, "Nyamaza, nitakuletea kitu kutoka sokoni," hali twajua hatutaleta? Mara ngapi baba ameahidi, "Jumapili tutakwenda kwa bibi," na Jumapili ikamkuta kwingineko? Baadaye twashangaa mtoto hangoji, hasikii, anyakua kila akionacho. Kumbe hana ukaidi. Amejifunza kutoka kwetu kwamba kungoja hakuna faida. Ahadi ni deni, hata kwa mdai mwenye miaka 4.

Hapa ndipo mchezo ulipo na heshima yake. Katika mchezo sheria humfunga mkubwa na mdogo sawasawa. Baba akiruka kwa neno "fisi", naye atoka. Mtoto amwonapo baba yake akitoka duarani kwa sababu sheria imemtoa, wala hakasiriki wala hadai haki ya ukubwa, amejifunza juu ya utii somo lisiloweza kuandikwa ubaoni: kwamba sheria si ngumi ya mwenye nguvu, bali ni kitu chema tunachokitii sote. Naye akilijua hilo, hatapata shida kuelewa kwamba baba na mama nao wanaye Bwana wao juu mbinguni.

MTAKATIFU ALIYECHEZA

Kanisa halikungoja vyuo vikuu ili lijue mambo haya. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mchezo wa kiasi ni pumziko la lazima kwa roho kama usingizi ulivyo kwa mwili, na kwamba kuna fadhila katika kucheza vema. Na katika siku zilizo karibu zaidi Mungu alitupatia Mtakatifu Yohane Bosco.

Yohane Bosco alizaliwa mwaka 1815 karibu na Castelnuovo, kaskazini ya Italia, katika nyumba ya wakulima maskini. Hakuwa bado na miaka 2 baba yake alipofariki. Tangu utoto alijifunza mazingaombwe na sarakasi za wachezaji wa sokoni, akatembea juu ya kamba, akawakusanya watoto na wakubwa wa kijijini. Lakini kiingilio kilikuwa sala: kwanza Rozari na mahubiri aliyoyasikia kanisani, kisha mchezo. Aliyekataa kusali hakuona sarakasi. Alipokwisha kuwa padre, alikusanya vijana wa mitaani katika mji wa Turin, na mwaka 1846 akapata mahali pa kukaa nao katika mtaa wa Valdocco. Wengi walikuwa vijana walioacha vijiji kutafuta kazi, na baadhi walikwisha onja gereza. Aliwatawala kwa akili, dini na upendo, wala hakupenda adhabu za kupiga. Mwaka 1877 aliiandika njia yake hiyo ya malezi, ambayo yataka kumzuia kijana asianguke, kuliko kungoja aanguke ndipo aadhibiwe.

Mwaka 1884, akiwa mzee, aliwaandikia watu wake barua kutoka Roma. Alieleza kwamba katika ndoto aliona uwanja wa zamani, walezi wakicheza katikati ya vijana, na furaha tele. Kisha akaona uwanja wa siku zile, vijana wamejitenga vikundi vikundi, na walezi wamesimama kando wakizungumza wao kwa wao. Akasema kwamba hapo ndipo ubaridi ulipoanzia. Haitoshi vijana wapendwe; yafaa wajue wenyewe kwamba wanapendwa, nao hujua wanapoona mkubwa apenda yale wayapendayo wao. Alifariki tarehe 31 Januari 1888, na mwaka 1934 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

NASI TUUNGAME

Tusije tukadhaniwa twafundisha wengine tu, nasi tuungame kosa letu. Tulipokuwa tungali wapya katika upadre, tulipewa kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Walikuwa wengi na wenye makelele. Tukaingia na fimbo, tukaiweka mezani. Mara moja kanisa zima likawa kimya, nasi tukafurahi moyoni tukisema, "Hawa sasa wanasikia." Tukafundisha Sakramenti saba muda wa saa nzima. Juma lililofuata tukawauliza. Hakuna hata mmoja aliyezitaja zote. Wengine walikuwa wameshika jambo moja tu, nalo ni unene wa fimbo.

Katekista mzee aliyekuwapo akatuambia kwa upole, "Padre, naomba niwe nao nusu saa." Tukamjibu, "Haya, Mzee, wachukue." Akawatoa nje hata chini ya mwembe, akawapanga duara, akaanza mchezo wa nyama, ila badala ya wanyama akataja Sakramenti. "Ubatizo!" Wote wakaruka. "Kipaimara!" Wakaruka. "Rozari!" Nusu yao wakaruka, wakatoka duarani huku wakicheka, maana Rozari ni sala njema lakini si Sakramenti. "Ndoa!" Wakaruka. "Mazishi!" Wachache wakanaswa tena. Nusu saa haikwisha, watoto wakawa wanazijua zote saba. Na mzee alipoinua mkono juu, wote wakanyamaza, wakimtazama usoni. Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni na fimbo yetu, tukaona haya. Siku ile tulifahamu kwamba kimya cha woga si usikivu. Mtoto mwenye hofu hutazama mkono wa mwalimu, hasikilizi kinywa chake.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Baadhi watasema: "Mtoto asome, mchezo utampotezea wakati." Ndiyo maana twawaona watoto wa miaka 5 na 6 watokao shuleni alasiri wakapelekwa moja kwa moja katika masomo ya ziada, wakarudi usiku wamesinzia. Twawauliza wazazi hao: mtoto asiyeweza kuketi, kusikiliza na kungoja zamu, masomo hayo yataingilia mlango gani? Kujitawala ndiyo sakafu. Kusoma na kuhesabu ni kuta. Hakuna fundi ajengaye kuta kabla ya sakafu na msingi.

Wengine husema: "Nampa simu, atulia kabisa." Kweli, simu humnyamazisha mtoto, lakini haimfundishi kujinyamazisha. Simu haina zamu, haimtaki angoje, haimkasirishi ili ajifunze kumeza hasira. Ukimnyang'anya, hapo ndipo uonapo kama amejifunza utulivu! Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo cha simu wala runinga hata kidogo, na mwenye miaka 2 hata 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Wako na akina baba wasemao: "Nikicheza na watoto, heshima itaondoka." Tumekwisha wajibu kwa mfano wa Yohane Bosco. Twaongeza hili tu: heshima iondokayo kwa sababu baba amekimbia na wanawe uwanjani ilikuwa imesimama juu ya mguu mmoja.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi mzazi asikemee wala asikataze. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mtoto asiyewahi kuambiwa "hapana" hakupendwa vya kutosha. Twasema tu kwamba katazo humzuia mtoto leo, bali mazoezi humwezesha kujizuia kesho. Tena, kabla ya kumwita mtoto mkaidi, mzazi achunguze masikio yake. Usaha masikioni na maradhi mengine huwafanya watoto wengi wasisikie vema, wakapigwa kwa kosa lisilo lao. Mwiteni kwa sauti ndogo akiwa amewapa mgongo. Asipogeuka mara kwa mara, mpelekeni zahanati, msimpeleke kwenye fimbo. Kadhalika mtoto mwenye njaa au usingizi hasikii; huyo ahitaji chakula na mkeka, si mahubiri.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Twawaandikia michezo mitano, kuanzia ule mwepesi. Robo saa kila jioni yatosha.

Wa kwanza, wa ngoma. Huu ni wa watoto wa miaka 3 na 4. Pigeni ngoma, au debe, watoto wacheze. Ngoma ikinyamaza, kila mtu asimame kama alivyo, mguu juu au mkono juu. Wakizoea, badilisheni: ngoma ya upesi, waende polepole, ngoma ya polepole, waende upesi. Hapo ndipo kazi ilipo, maana mwili wataka kufuata ngoma na akili yaukataza.

Wa pili, wa "Bibi amesema". Kiongozi hutoa amri: shika kichwa, inama, piga makofi. Amri itanguliwayo na maneno "Bibi amesema" ndiyo itiiwayo. Isiyotanguliwa nayo isifuatwe. Huu wafaa tangu miaka 5.

Wa tatu, wa nyama, kama tulivyoueleza. Kwa watoto wa mafundisho ya dini, tieni Sakramenti au majina ya Mitume mahali pa wanyama.

Wa nne, wa zamu: mdako kwa vijiwe, au bao kwa walio wakubwa kidogo. Hapa mtoto hujifunza kungoja mkono wa mwenziwe umalize, kuhesabu kabla ya kutenda, na kushindwa bila kumwaga kete. Na jioni, vitendawili na hadithi: mwenye kutega ategeshe, asiyejua atoe mji, na yeyote asimkatize msimulizi.

Wa tano ni mchezo wa kimya. Maria Montessori, daktari Mwitalia aliyefungua nyumba yake ya watoto huko Roma tarehe 6 Januari 1907, aliingia siku moja darasani amembeba mtoto mchanga wa miezi 4, akawaambia watoto watazame jinsi alivyotulia, nao wajaribu kutulia kama yeye. Kutoka hapo likazaliwa somo la kimya: watoto huketi pasipo mwendo, kisha mkubwa, akiwa chumba cha pili, huwaita majina mmoja mmoja kwa kunong'ona, na kila aitwaye huja kwa kunyata. Jaribuni nyumbani usiku, baada ya chakula, kabla ya sala ya jioni. Zimeni redio na runinga. Kaeni kimya dakika moja, kisha kila mtoto aseme amesikia nini: chura, upepo, pikipiki ya mbali, pumzi ya mdogo wake. Halafu waiteni kwa kunong'ona. Mtawashangaa.

Na kanuni za mzazi katika michezo hii ni chache. Sheria ziwe mbili au tatu, zielezwe kwa maneno mafupi. Mtoto naye apewe zamu ya kuwa kiongozi, maana atoaye amri vizuri ajifunza na kuitii. Aliyekosea asidhihakiwe wala asitupwe nje kwa muda mrefu. Yeye ndiye ahitajiye mazoezi kuliko wote. Zawadi ya fedha au peremende isiwekwe. Furaha yenyewe ndiyo ujira. Mchezo uishe watoto wangali wanautamani. Na mliloahidi, litimizeni.

MWITO

Twamkumbuka mtoto Samweli, aliyelala hekaluni katika siku za kuhani Eli. Bwana alimwita usiku, naye akaamka mara tatu akamkimbilia mzee, kwa kuwa hakuijua bado sauti ile. Lakini tuangalie hili: aliamka. Sikio lake lilikwisha zoea kuitwa na kuitika, usiku, kwa upesi, bila kinyongo, wala hakuna fimbo itajwayo katika habari ile. Na mzee Eli hakumfukuza kwa kumsumbua usingizi. Alimfundisha namna ya kujibu. Hivyo mtoto aliyezoea kuitika sauti ya mwanadamu ampendaye, aliweza kuitika sauti ya Mungu.

Hilo ndilo tulitamanilo kwa watoto wetu wote. Katika kila nyumba ya Kikristo nchini kuna mtoto ambaye Mungu ataka kumwita: kwenye upadre au utawa, kwenye ndoa takatifu, kwenye kazi ya haki. Wito haupigwi kwa tarumbeta. Hunong'onwa, kama katika ule mchezo wa kimya, kutoka chumba cha pili. Asiyezoea kutulia hatausikia, na asiyezoea kujitawala atausikia asiweze kuufuata.

Basi jioni ya leo, mkiisha kulisoma gazeti hili, likunjeni, mkawaite watoto uani. Baba asimame duarani pamoja nao. Na ikiwa atakuwa wa kwanza kuruka kwa neno "fisi", atoke kwa furaha, akijua kwamba katika kutoka kwake amewafundisha wanawe kutii.